Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Filamu ya Wanafunzi Kuhusu Mgawanyiko wa Seli

Ndugu Wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwaeleze kila mwaka kazi iliyofanywa na chama pamoja na hali ya mambo yake. Safari hii sehemu kubwa ya taarifa itahusu mradi mmoja, yaani filamu fupi ya katuni kuhusu mitosisi (mgawanyiko wa seli moja kuwa mbili zenye urithi uleule) iliyotengenezwa na wanafunzi wa vilabu vyetu vya sayansi. Mradi huo ndio uliobeba nguvu zetu nyingi, na yaliyojitokeza humo yanagusa moja kwa moja maamuzi ambayo mkutano huu utaombwa kuyafanya. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya Mhazini, hivyo sitayarudia.

Mada ilichaguliwa na wanafunzi wenyewe. Mgawanyiko wa seli si jambo geni. Walther Flemming wa Ujerumani alizitia rangi seli za salamanda, akazichora hatua kwa hatua, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1882. Vitabu vya kiada vya leo bado hufuata njia hiyohiyo ya kuweka picha chache kwa mpangilio: profazi, metafazi, anafazi, telofazi. Mwanafunzi anaweza kuzikariri zote na kufaulu mtihani bila kujiuliza hata mara moja seli ilitokaje kwenye picha moja ikafika kwenye nyingine. Anayechora katuni hawezi kulikwepa swali hilo. Kwa mwendo wa fremu (picha mojamoja za filamu) 24 kwa sekunde, dakika moja ya filamu ina fremu 1,440, na hata kama kila mchoro utashikiliwa kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya wachoraji wengi, bado inahitajika michoro 720. Karibu yote huangukia katikati ya zile hatua zenye majina, mahali ambapo kitabu kimenyamaza.

Naomba niwaonyeshe jambo hili kwa mfano mmoja. Katika michoro ya awali, kromosomu, yaani vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi, zilikwenda moja kwa moja hadi katikati ya seli, zikajipanga, kisha zikagawanyika zote kwa pamoja. Mwanachama wetu mtaalamu wa biolojia aliyeisimamia kazi hiyo hakuwasahihisha. Aliwauliza tu kromosomu zimejuaje pa kwenda, na seli imejuaje kwamba wakati umefika. Wakarudi kusoma. Walichokipata ni kwamba nyuzi za protini zinazotoka kwenye ncha mbili za seli hurefuka na kufupika bila kutulia, zikipapasa huku na huku hadi zinase kromosomu, na kwamba kromosomu huyumbayumba kabla ya kutulia kwenye mstari wa kati. Walijifunza pia kwamba seli husubiri. Kromosomu moja tu isiyoshikwa ipasavyo kutoka pande zote mbili inatosha kuchelewesha utengano wa zote. Baada ya hapo ndipo kimeng'enya kiitwacho separasi hukata pete za protini zilizokuwa zikizifunga pamoja kromatidi dada, yaani nakala mbili za kila kromosomu, na safari ya kuelekea ncha za seli huanza.

Kikundi kilichopewa sehemu hiyo kiliichora upya yote. Sasa mtazamaji anaiona kromosomu moja ikichelewa, nyingine zote zikiwa zimejipanga na kutetemeka kidogo mahali pake, na msimulizi ananyamaza kabisa mpaka uzi unaoipungukia umeifikia. Mchoro unaofuata ni wa karibu zaidi. Uzi hauvutwi kama kamba, bali unafupika kwa kumomonyoka kwenye ncha iliyoshika kromosomu, vipande vidogo vya protini vikidondoka kimoja kimoja huku kromosomu ikiifuata ncha inayorudi nyuma. Kwa maoni yangu, hizo ndizo sekunde bora katika filamu nzima, na ni ushahidi kwamba aliyezichora anakielewa anachokichora.

Suala la rangi lilizua mjadala mrefu ambao nilifurahi kuusikiliza. Baadhi yao walitaka kila kromatidi dada iwe na rangi yake ili utengano upendeze machoni. Wenzao walipinga kwa hoja kwamba kromatidi dada ni nakala za kromosomu ileile, na kwamba kuzitofautisha kwa rangi ni kumfundisha mtazamaji jambo lisilo kweli. Mwisho walikubaliana rangi itenganishe kromosomu zilizotoka kwa mama na zilizotoka kwa baba, na dada wabaki na rangi moja. Waliacha pia nyekundu na kijani wakachukua buluu na rangi ya chungwa, kwa sababu wapo watazamaji wasioweza kutofautisha zile mbili za kwanza. Wamechora kromosomu nne badala ya 46 za binadamu, na msimulizi analisema hilo waziwazi. Saa ndogo imewekwa pembeni mwa picha kuonyesha muda halisi, kwani mitosisi ya seli ya binadamu huchukua takriban saa moja, na filamu imeibana katika dakika chache.

Wapo wanachama walioniuliza kama katuni inamsaidia kweli mwanafunzi kuliko mchoro uliotulia. Swali ni la haki. Mwaka 2002 watafiti Barbara Tversky, Julie Bauer Morrison na Mireille Bétrancourt walizipitia tafiti zilizokuwapo na kuonyesha kwamba ubora wa katuni mara nyingi ulidaiwa bila kuthibitishwa, na kwamba picha zinazokwenda kasi au zenye mambo mengi humpita mtazamaji. Mwanasaikolojia wa elimu Richard Mayer naye ameonyesha kwamba mapambo yasiyohusiana na somo hupunguza kujifunza. Kamati iliwasomesha wanafunzi hoja hizo, na matokeo yake filamu imegawanywa katika vipande vifupi vinavyoweza kusimamishwa na kurudiwa, muziki umeondolewa chini ya maelezo, na kromosomu zimepoteza macho na vinywa zilivyokuwa navyo. Uamuzi huo wa mwisho uliwauma baadhi yao. Hata hivyo nauunga mkono kwa moyo wote, maana sura humfanya mtazamaji aamini kwamba kromosomu inataka kitu, ilhali hakuna kinachotaka chochote humo ndani.

Vikundi visivyokuwa na kompyuta ya kutosha vilikata maumbo ya karatasi na kuyapiga picha moja moja kwa simu iliyofungwa kwenye kibano. Mwonekano wa filamu kwa hiyo haulingani toka mwanzo hadi mwisho. Kamati ilipokea ushauri wa kuajiri mchoraji ili aiweke katika sura moja, na ikaukataa, kwa kuwa faida ya kazi hii iko mikononi mwa anayechora.

Kwa kuzingatia hayo, Kamati Tendaji inaleta mbele yenu maombi matatu. La kwanza, iwe kanuni kwamba mswada wa kila filamu usomwe na wataalamu wawili wa biolojia kabla michoro haijaanza. La pili, michoro yote iendelee kufanywa na wanafunzi wenyewe. La tatu, mkutano uchague mada ya mwaka ujao kati ya meiosisi (mgawanyiko wa seli unaozaa seli za uzazi) na usanisinuru. Mimi binafsi naegemea meiosisi, kwa sababu wanafunzi wengi huichanganya na mitosisi na kwa sababu michoro tuliyonayo inaweza kuwa mwanzo wake, ila uamuzi ni wenu.

Nawashukuru walimu walezi waliobaki na wanafunzi baada ya saa za masomo, wanachama waliosoma miswada, na zaidi ya wote wanafunzi waliokubali kufuta kazi nzuri ili kuweka iliyo sahihi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti