Kabla hujaingizwa kazini

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenikuta mzima wa afya, na habari ya kupangiwa usharika wako wa kwanza kama mchungaji imenifurahisha mno. Umeniuliza uanzie wapi. Anza na wale utakaowakuta.

Unakumbuka tulivyosoma chuoni Makumira jinsi wamisionari Wajerumani wa Leipzig walivyofukuzwa Kilimanjaro mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza? Tuliisoma kwa ajili ya mtihani. Huku usharikani naifikiria karibu kila wiki. Wazungu waliondoka, wakabaki walimu wa Kichaga na wazee wa kanisa, wakaendelea kufundisha na kuombea wagonjwa. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, yaani KKKT ya leo, mkuu wake wa kwanza akawa Stefano Moshi, mtoto wa mlima huo huo. Usharika unaokwenda umelelewa na watu wa namna hiyo, na utakapohamishwa watabaki wao.

Kwa hiyo kabla ya kuitisha kikao chochote, mtafute mwinjilisti wa kila mtaa. Yeye ndiye anayejua nani kagombana na nduguye kwa ajili ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na bibi yupi hapikiwi mpaka jirani amkumbuke. Mkienda kwa wagonjwa, yeye atangulie kubisha hodi. Petro aliwaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao, na mchungaji kijana mwenye joho jipya yumo katika onyo hilo.

Fedha usiiguse. Sadaka ihesabiwe mezani na wazee zaidi ya mmoja, siku ile ile, waandike na kutia saini, kisha iende benki. Hata ukiambiwa, "Mchungaji, tutunzie tu mpaka kesho," kataa kwa upole. Jumapili simama nje uangalie mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka. Hapa kwetu kuna mama mjane anayeleta mayai, kayafunga kwenye kitambaa safi, moja moja, yasigongane. Juzi kijana mmoja aliyanunua kwa bei ya jogoo, akamrudishia mama yule mikononi. Jina la mama huyo halitasomwa kamwe kwenye matangazo ya watoaji wakubwa. Mimi nikiwa mkali kwenye hesabu, ni kwa ajili yake.

Linaloniumiza zaidi ni misiba. Utaletewa habari ya kifo, na kabla hujauliza wafiwa wamelalaje, mtu atafungua daftari la bahasha za sadaka kuangalia marehemu alitoa nini. Mwambie alifunge. Najua utaratibu upo: kuna waliotengwa, kuna ndoa ambazo hazijabarikiwa, na wazee wana haki ya kuuliza. Lakini mtu akipotea ibadani miaka kadhaa, wa kwanza kuulizwa ni sisi. Nani alikwenda kwake? Nani alimwita arudi kundini angali na nguvu za kutembea? Nimewahi kumwona mjane amekaa uani, kajifunika khanga kichwani, huku ndani watu wazima wakibishana kama mumewe atazikwa na kanisa au la. Sauti zao alizisikia zote. Siku hiyo ikikufikia, pita kwanza pale uani, ukae naye chini, umshike mkono. Kikao kitakungoja.

Mahubiri sikuhofii, ulikuwa hodari tangu chuoni. Ninachohofia ni kwamba hujui kusema hapana. Soma Kutoka 18 pamoja na baraza lako la wazee, pale Yethro anapomwambia Musa kwamba atachoka, yeye na watu wake, kisha mgawane kazi: nani wa jumuiya zipi, nani wa vijana, nani wa kipaimara. Mama mchungaji na watoto nao wana haki ya kukuona nyumbani jioni, simu ikiwa mbali.

Tarehe ya kuingizwa kazini ikitangazwa nijulishe mapema, niombe ruhusa kwa mkuu wa jimbo. Nitakuja na wazee wangu wawili. Wanataka kuzungumza na wenzao wa huko habari za mnada na hesabu, na wamekwisha kuniuliza nauli.

Wasalimu wote nyumbani.

Rafiki yako katika Kristo