Injini isifunguliwe kwanza

Mafinga, Jumapili jioni

Baba Upendo, kamwene!

Ujumbe wako nimeupata. Huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatukomoa. Pole kwa hiyo pikipiki ya matairi manne, maana najua isipotembea maparachichi yatapanda kutoka bondeni kwa vichwa vya watu.

Unasema inakula maji, chini hakuna hata tone, na fundi wa hapo ameshatoa hukumu: gasketi ya hedi, lile bapa linaloziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, injini ifunguliwe. Huenda yuko sahihi. Ila mimi fundi anayetaja gasketi kabla hajashika kifuniko cha rejeta, ile inayopoza maji ya injini, huwa ananitia mashaka. Usitoe hela ya kufungua injini mpaka umalize haya ninayokuandikia.

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Usithubutu kufungua rejeta ikiwa ya moto, maji yamebanwa mle kwa presha na yatakurukia usoni. Angalia sehemu mbili: ndani ya rejeta yenyewe, na kwenye kile kichupa cha akiba. Watu wengi wanachungulia kichupa, wakikiona kina maji wanaondoka na amani zao, kumbe rejeta ni tupu. Ukikuta hivyo, kichupa kimejaa au kinatapika na rejeta imeshuka, gasketi iache kwanza.

Maji yakipata moto hutanuka, yanasukuma springi ya kifuniko na kupita kwenye ule mpira mwembamba kwenda kichupani. Injini ikipoa yanasinyaa, vali ndogo ya katikati ya kifuniko inafunguka, na yaliyokwenda yanavutwa kurudi. Sasa vali ikiganda, maji hayarudi. Mpira mwembamba ukiwa na ufa, kinachovutwa ni hewa. Kila safari rejeta inapoteza kidogo, na wewe unaongeza kichupani usiku na mchana. Bonyeza raba ya kifuniko kwa kucha: ikiwa ngumu au ina alama ya kukatika, haifai. Vuta ile vali ndogo kwa ncha za vidole uiachie; inatakiwa irudi yenyewe upesi. Mpira mwembamba uchomoe kabisa uukunje kunje, maana ufa hujificha pale unapoingia kwenye shingo ya rejeta.

Na kwetu huku juu kifuniko kina kazi kubwa kuliko Dar es Salaam. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapo Tukuyu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 hivi, na ukipanda Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama 91. Kifuniko kizima cha bar 1.1 (bar ni kipimo cha presha) kinaongeza zaidi ya nyuzi 20 juu ya hapo. Kikichoka, injini isiyo na ugonjwa wowote itachemsha kwenye kilima cha kawaida na kumwaga maji njiani, huku nyumbani ukitafuta tone chini usilione.

Kama rejeta na kichupa vyote vimeshuka, tafuta uvujaji. Tone likiangukia injini ya moto linakauka palepale, kwa hiyo usitafute unyevu, tafuta doa: ukoko mweupe au wa kijani kwenye maungio ya mipira na klipu zake. Kisha ingiza tochi chini ya pampu ya maji. Kuna kitundu kidogo kimeachwa kwa makusudi. Kikitoa maji, sili ya maji, yaani kizuizi chake, imekwisha. Kikitoa oili, ni sili ya oili. Kuna watu wanakiziba kwa gundi. Asikizibe mtu! Maji yakikosa pa kutokea yatapenya kwenye oili, na hapo ndipo injini inakufa kweli.

Matope ya Rungwe unayajua kuliko mimi. Rejeta ya mashine hizi iko mbele, inayapokea yote. Imwagie maji kutoka upande wa nyuma kuja mbele, kwa bomba la kawaida. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari inakunja vile vibati vyembamba na hewa haipiti tena. Ukimaliza, iache injini ingurume mpaka feni iwake yenyewe. Isipowaka, angalia fyuzi na waya zake.

Gasketi nayo ina dalili zake. Washa injini baridi kifuniko kikiwa wazi: mapovu yakija mfululizo bila kukoma, ni mbaya. Oili ikigeuka kama chai ya maziwa, mbaya zaidi. Moshi mweupe wenye harufu tamu nao ni dalili, ila uwe unaendelea hata injini ikishapata moto, maana asubuhi ya huko kila ekzosi inatoa mvuke. Ukiona hayo, mwache fundi afungue, sitambishia.

Wakati wa kujaza, pandisha matairi ya mbele kwenye tuta, kifuniko wazi, injini ikinguruma taratibu, huku unaminyaminya mipira mpaka hewa iishe. Hewa ikibaki ndani, kesho utakuta maji yameshuka na utadhani bado inavuja. Maji ya mtoni yanaacha magadi, achana nayo. Nunua kulanti, ile dawa ya kupoza injini isiyoganda kwa baridi, uchanganye nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Ukienda Makete Juni au Julai utashukuru, maji matupu yakiganda yanapasua rejeta. Kulanti utakayoimwaga usiiache kwenye beseni uani: ni tamu na ni sumu, mbwa wanaipenda, na watoto unawajua.

Kifuniko chako kina namba juu, 0.9 au 1.1 au nyingine. Kipige picha unitumie, pamoja na urefu wake upande wa ndani, maana cha gari kinaweza kukaa vizuri mdomoni na springi isifike chini. Nikikipata hapa Mafinga nitakipakia kwenye basi la Mbeya, ukichukulie Uyole.

Msalimie Mama Upendo na wazee.

Ni mimi, fundi wako.