Harambee za bustani zifuate mvua, si ratiba ya mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya habari za barabara na majengo mapya ya Dodoma, lakini linaligusa sufuria la mboga la kila nyumba, nalo ni bustani za jamii katika mitaa yetu na harambee zinazofanywa ili kuziendesha. Huu ni mwaka wa nne nikiwa mwanakikundi wa bustani moja katika Kata ya Nkuhungu. Nimekaa katika kamati mbili za harambee, na katika zote mbili niliunga mkono mambo ambayo leo nayapinga.

Kwa msomaji aliyezoea mikoa yenye vuli na masika, nieleze kwanza kwamba Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, tena kwa wastani wa kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Ndiyo maana tuta la kuinuliwa, ambalo vitabu vingi vya kilimo hulisifu, huku kwetu hukauka kabla ya adhuhuri. Sisi tunafanya kinyume: tunachimba chini kiasi cha kiganja, tunachanganya udongo na samadi iliyoiva, tunapanda ndani ya shimo hilo na kutandaza majani makavu juu yake, ili maji yanayomwagwa asubuhi yakutwe bado yapo jioni. Hata hivyo, mita moja ya mraba ya mchicha wakati wa kiangazi huhitaji takribani lita 5 kwa siku, na mchicha hauelewi kwamba bomba la mtaa limekatika.

Sasa nije kwenye harambee. Ya kwanza tuliifanya mwezi wa Mei. Sababu yake haikuandikwa popote katika muhtasari wa kikao, ila kila mjumbe aliijua: Mei Bunge la bajeti huwa linaendelea, waheshimiwa wako mjini, na kumpata mgeni rasmi mwenye mkono wa kutoa ni rahisi kuliko miezi mingine. Basi tukakodi maturubai matatu, viti na spika, tukachapisha fulana zenye jina la kikundi, na mshereheshaji akalipwa kabla hata hajashika kipaza sauti. Siku ilifana, sikatai. Mama mmoja alileta boga kubwa kutoka shambani kwake Hombolo, likapigwa mnada mara nne, kwa kuwa kila aliyelinunua alilirudisha mezani liuzwe tena, hadi mzee mmoja akasema inatosha, akalibeba kwenda nalo nyumbani. Boga hilo peke yake lilituingizia fedha taslimu kuliko meza kuu yote, kwa sababu meza kuu ilitoa ahadi. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini deni la harambee halina mdai; nani atakwenda kumgongea mgeni rasmi mlango?

Tulipolipa gharama za hafla, zaidi ya nusu ya fedha taslimu ilikuwa imekwisha. Ahadi zilizotimizwa zilifika kidogo kidogo, ya mwisho ikaingia Februari. Kwa hiyo tanki tulilokusudia tulilinunua mwezi Machi, mvua ikiwa inaaga, nalo likakaa tupu mpaka msimu uliofuata huku tukiendelea kununua maji ya madumu kwa wauzaji wa baiskeli. Harambee ya pili tulirudia kosa lile lile, safari hii kwa uzio, kwa kuwa uzio huonekana kwenye picha. Wagogo hapa wamezungushia maboma yao minyaa tangu enzi za babu zetu, haigharimu kitu zaidi ya kukata vijiti na kuvichomeka, na mbuzi haigusi.

Hoja yangu ni kwamba fedha ya bustani katika nchi kame inapaswa kufika kabla ya mvua, tena ifike ikiwa imelengwa kwenye maji. Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Jengo la mikutano linalopakana na bustani yetu lina paa lenye ukubwa wa karibu mita 100 za mraba. Mvua ya milimita 500, hata tukiondoa sehemu ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, hutupatia lita 40,000 kwa mwaka, yaani simtanki nane za lita 5,000. Simtanki moja ikijaa hunywesha mita 20 za mraba kwa siku 50, muda unaotosha kuvuna mchicha raundi mbili. Sehemu kubwa ya maji hayo leo inaanguka chini, inachimba korongo mbele ya mlango wa jengo, kisha tunalalamika kwamba Dodoma haina maji.

Kwa hiyo napendekeza harambee za bustani zifanyike Julai au Agosti. Wakati huo wenye mashamba ya mtama, uwele na alizeti wameshavuna, mtu ana debe la kuleta mnadani hata kama hana noti mfukoni, na mafundi wana miezi mitatu ya kufunga gata za kukinga maji ya paa na kujenga msingi wa tanki kabla wingu la kwanza halijaonekana. Turubai halihitajiki, kivuli cha mwembe kinatosha. Badala ya karatasi za ahadi, mchango utolewe papo hapo, taslimu au kwa simu, na mweka hazina asome jumla mbele ya watu kabla hawajatawanyika. Mheshimiwa akipenda kuja, karibu, apange foleni ya mnada kama sisi.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tusikope, ilhali halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo unafaa kwa kinachouzwa. Sehemu kubwa ya mboga zetu huliwa na watoto wa wanakikundi wenyewe, na mlenda ulioliwa nyumbani haurejeshi rejesho. Kikundi kinachopeleka mboga sokoni Majengo kila wiki kikakope pampu. Tanki la mtaa ni la kuchangiwa.

Liko pia suala la ardhi, ambalo ningependa mwingine mwenye ujuzi wa sheria aliandikie, maana jiji lililohesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022 halibakishi kiwanja cha wazi kwa muda mrefu, na bustani nyingi zinasimama kwa barua ya ofisi ya mtaa tu.

Kikundi chetu kimekwisha kubaliana: mnada utakuwa Jumamosi ya pili ya Agosti, saa tatu asubuhi kabla jua halijakali, na fundi amekwisha kupima urefu wa gata. Mwenye kuku, alizeti au boga, na alilete.

Mwanakikundi wa bustani,
Nkuhungu, Dodoma.