Macho kwanza, mtaji baadaye

Ipagala, Dodoma

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Iringa na baridi yake? Huku jua ni lile lile, vumbi ni lile lile.

Ujumbe wako niliusoma usiku nikacheka peke yangu. Unauliza uanze na shilingi ngapi ili utengeneze siagi ya karanga kama mimi. Hela utaipata, shoga, kikoba chenu hakijawahi kukutupa. Mimi nauliza: una macho?

Maana kazi yenyewe ni macho. Gunia langu la pili nililinunua juu zuri, chini limepata unyevu. Sikukagua. Nikakaanga, nikasaga, nikajaza makopo kumi na manane. Kuonja, uchungu ukanikaa kooni mpaka jioni. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kigogo, akaja na kigoda chake, akaokota karanga moja katika zilizobaki, akaipasua kwa ukucha. Nje nyekundu safi. Ndani, pale vipande viwili vinapokutana, kuna ungaunga wa kijivu kama majivu. "Hii ndiyo inayoua," akasema. Unakumbuka mwaka 2016, watu walivyokufa huku kwetu na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu? Kuvu hao wanapenda karanga vilevile, na moto wa kukaangia hauimalizi sumu yao. Makopo yote niliyafukia. Hata kuku sikuwapa.

Sasa kila Jumamosi nakaa na ungo. Natoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu. Gunia linaweza kunitolea sado nzima ya kutupa, na hiyo sado lazima iwemo kwenye bei ya kopo. Wengi hatuihesabu. Hatuhesabu mkaa, wala zile anazochota baba watoto akipita jikoni, eti anaonja. Nimemfungulia ukurasa wake kwenye daftari. Alinuna siku mbili, lakini mwisho wa mwezi alilipa.

Yeye naye ana maneno. Ananiambia Waingereza walikuja na matrekta yao hapo Kongwa mwaka 1947 walime karanga, mvua ikawanyima, ardhi ikawa ngumu kama saruji, 1951 wakaacha. Mimi na kikaango changu nitafika wapi? Namjibu kwamba wao hawakuwa na bibi wa jirani.

Wateja wangu wengi ni watumishi wa serikali kule Mtumba. Mshahara ukitoka makopo yanagombaniwa, tarehe za katikati kila mtu anataka mali kauli. Nimekopesha mpaka nikachoka kudai. Siku hizi katikati ya mwezi natoa vikopo vidogo, mtu anamudu kulipa papo hapo.

Makaratasi usiyaahirishe kama nilivyofanya mimi. TIN, ile namba ya mlipakodi, wanakupa bure pale TRA. Kisha pitia SIDO ya huko kwenu, wale wa viwanda vidogo, uombe barua ya kukutambulisha TBS, shirika la viwango, kwa sababu siku duka kubwa likikutaka, la kwanza wataulizia alama ya ubora.

Ukija Pasaka, zawadi acha. Niletee ungo mpana. Wangu umetoboka katikati, na Jumamosi iliyopita karanga mbovu zilikuwa zinaangukia kwenye nzima, ikabidi nianze upya.

Nisalimie Neema na bibi yake.

Wako,
Mama Juma