YAH: Malalamiko kuhusu boksi la santuri za Nat King Cole

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita nilinunua kwenu boksi la santuri za Nat King Cole, mwanamuziki wa jazz wa Marekani. Tangazo liliahidi "muziki wake wote, tangu enzi za trio". Nimelifungua, trio, yaani kundi lake la watu watatu, haimo. Mwanzo hadi mwisho ni sauti yake na okestra, fidla zimemwagika kila mahali. Nyimbo ni tamu, sikatai, ila sizo nilizolipia.

Kumuuza Cole bila trio ni kumficha mpiga piano. Kabla dunia haijamjua kwa sauti, alikuwa fundi wa piano, kijana aliyekulia Chicago akimsikiliza mpiga piano wa jazz Earl Hines. Mwaka 1937 akaunda trio Los Angeles: piano yake, gita la Oscar Moore, besi ya Wesley Prince. Ngoma hakuna, mapigo waliyabeba wenyewe. Gita linachokoza, piano inajibu kwa noti mbili tatu, naye anaimba kana kwamba vidole vyake havina kazi yoyote. Hicho ndicho nilichokitaka.

Kijitabu chenu nacho kimeniudhi. Eti kipindi chake kwenye NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, kilichoanza Novemba 1956, kilikufa kwa sababu "watazamaji walimchoka". Kilichokosekana ni mdhamini wa kitaifa: kampuni kubwa ziliogopa kuhusishwa na kipindi cha mtu mweusi, wateja wazungu wa kusini mwa Marekani wasije wakazisusia. Cole mwenyewe ndiye aliyeamua kukiacha, Desemba 1957. Mnawabebesha watazamaji lawama ya watangazaji biashara.

Ukurasa wa mwisho ndio kioja. Mnasema mwaka 1991 "aliingia studio na bintiye Natalie". Cole alifariki Februari 1965 kwa saratani ya mapafu! Sauti yake ilichukuliwa kwenye rekodi ya zamani, ya binti ikaunganishwa nayo. Hivi kijitabu hiki kilipita kwa mhariri kweli?

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu "Cole ni Cole tu, mzee", akanishauri nibadilishe nichukue boksi la Krismasi. Silitaki.

Naomba mnitumie santuri za trio kama mlivyotangaza, au mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama ya kusafirisha mzigo. Nimeambatanisha nakala ya risiti, tangazo lenu na picha za kurasa husika. Jibu naomba lije kwa maandishi.

Wenu,
Mteja, Tanga