Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mjamzito aambiwe damu yake ni ngapi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu, na pole na majukumu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, napita nyumba kwa nyumba, na wajawazito ndio ninaowatembelea zaidi. Wengi wao wanajua kuwa kuna upungufu wa damu. Wasichojua ni kama wao wenyewe wanao.

Mama atakutajia kizunguzungu, kuchoka, moyo kwenda mbio. Kisha ataongeza, "Lakini si ndiyo mimba yenyewe?" Mwombe kadi ya kliniki. Utakuta kiwango cha damu kimeandikwa 8.9 (gramu za himoglobini kwa desilita), na mwenye kadi hajawahi kuambiwa kwamba mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11, wala kwamba chini ya 7 ni hatari kubwa. Alitobolewa kidole, namba ikaandikwa, akaitwa mwingine. Mama huyo akivuja damu wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumvusha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito hapa Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Hatuwezi kusema wote hao wamezembea.

Vidonge vya kuongeza damu wanapewa, lakini vingi vinabaki kabatini. Mmoja aliacha baada ya kuona choo cheusi, akadhani tumbo linaharibika, kumbe ni madini ya chuma tu na hayana madhara. Mwingine kaambiwa na jirani kuwa mtoto atanenepa ashindwe kutoka. Wapo pia wanaomeza kila siku bila kukosa, lakini wanashushia na chai ya rangi, na chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Huyo ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu ametii kila alichoambiwa. Angeshushia kwa maji na kula chungwa, vidonge vingemsaidia zaidi.

Juisi ya rozela wanaiamini sana. Siwakatazi, ila haiwezi kushika nafasi ya vidonge. Na anayetafuna udongo kutwa, mara nyingi damu yake imepungua. Tunamcheka badala ya kumpima.

Kliniki wanameza pia SP, yaani dawa ya kuzuia malaria, na dawa ya minyoo. Ni wachache wanaojua kwamba malaria na minyoo ya safura hula damu, na kwamba dawa hizo nazo zinailinda. Somo la asubuhi, kabla huduma hazijaanza, lingetosha kulieleza hilo. Waume waliowasindikiza nao wasikie, maana mara nyingi wao ndio wanaotoa hela ya dagaa na mboga.

Mheshimiwa, naomba iwe lazima kwa kila mkunga kumtamkia mama namba yake na maana yake, kisha apimwe tena mimba inapokuwa kubwa, kwa kuwa damu iliyotosha mwanzoni huweza kushuka. Naomba vituo visikose vidonge na vifaa vya kupimia. Mama akiambiwa akanunue duka la dawa, wengi hawafiki huko. Na kadi mpya zikienda kuchapwa, ziwe na mstari mmoja wa Kiswahili chepesi, mahali ambapo mama ataona: damu yako leo ni ngapi, na inatakiwa isipungue 11.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii