Wito wa harambee: tuwajengee watoto wa awali madarasa ya kimo chao

Ndugu wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani, majirani na marafiki wote wa shule yetu,

Tunawaomba mchango wa kujenga na kuendesha kitengo cha elimu ya awali hapa hapa katika shule yetu ya msingi. Tunahitaji madarasa mawili ya watoto wa miaka 3 hadi 6, vyoo vinavyolingana na umri wao, mabomba ya kunawia mikono wanayoyafikia bila kubebwa, uwanja wa kuchezea wenye uzio, na fungu la kumsomesha na kumlipa mwalimu wa pili. Tumelitaja ombi mapema ili asiwepo atakayesoma huku akijiuliza anaombwa nini. Sasa mtuvumilie tueleze kwa nini.

Watoto wetu wa awali wanasomea katika chumba kilichokuwa stoo, na madawati wanayotumia yalitengenezwa kwa ajili ya madarasa ya juu. Mtoto wa miaka minne akikaa kwenye dawati hilo, miguu inaning'inia na kidevu kinafika ukingoni mwa meza. Akitaka kuandika hana budi kupiga magoti juu ya kiti. Baada ya muda magoti yanauma, anateremka, anaambiwa arudi akae vizuri. Kukaa vizuri hakuwezekani, na hilo si kosa lake. Kiwango cha samani za shule kinachotumika Ulaya kinaweka kiti cha watoto wa umri huu sentimita 26 hadi 31 kutoka sakafuni, na cha wanaokaribia kumaliza shule ya msingi sentimita 38. Kwa mtu mzima tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtoto, ndiyo inayoamua kama nyayo zake zitakanyaga chini au zitabaki hewani asubuhi nzima.

Chooni hali ni mbaya zaidi. Tundu ni kubwa, ndani ni giza, na mlango ni mzito kwa mikono midogo. Wapo watoto wanaojizuia hadi wanajikojolea darasani, kisha wanakaa na nguo mbichi na aibu yao mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mwalimu anatamani kuwasindikiza, lakini yuko peke yake. Akitoka na mmoja, waliobaki hawana mtu mzima chumbani. Kila siku anachagua nani amwache. Mwalimu huyu tunamheshimu sana, na tunaona haya kumwacha katika hali hiyo muhula baada ya muhula.

Tunajua swali lililo midomoni mwa wengi, kwa sababu limeulizwa katika mikutano: kwa nini fedha zisiende kwanza kwa madarasa yenye mitihani? Hoja hiyo tumeipima kwa makini. Walimu wa madarasa ya juu wenyewe ndio waliotusaidia kuijibu. Wanasema wanatumia muda mwingi kufundisha upya vitu ambavyo mtoto angepaswa kuja navyo: kusikiliza maelekezo mawili mfululizo, kusubiri zamu, kueleza jambo kwa sentensi kamili, kushika penseli bila kuibana hadi vidole vichoke. Mtoto anayeanza darasa la kwanza bila hayo hufuata nyuma, na pengo hilo halizibiki kirahisi kwa masomo ya ziada ya mwaka wa mwisho. Udongo uwahi ungali maji.

Sayansi nayo imeliangalia jambo hili kwa karibu. Kituo cha makuzi ya mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kinaeleza kwamba katika miaka ya mwanzo ya maisha ubongo hutengeneza zaidi ya miunganisho milioni 1 mipya ya neva kila sekunde. Miunganisho inayotumiwa mara kwa mara huimarika, isiyotumiwa hupunguzwa. Na kinachoitumikisha ni mambo ya kawaida kabisa, hasa mazungumzo ya kupokezana. Mtoto anasema neno, mtu mzima anamtazama, anamjibu, anauliza kitu kingine, kisha anangoja. Kule kungoja jibu ndiko kunakokosekana katika chumba kilichojaa chenye mwalimu mmoja.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo huenda likawakera baadhi yetu. Darasa la awali tunalolitaka halitakuwa mahali pa kukaririsha herufi kwa sauti moja, wala pa kumpa mtoto wa miaka mitatu daftari na kazi ya kuandika nyumbani. Tunaelewa shauku ya mzazi anayetaka kuona mwanawe ameandika jina lake mapema. Lakini mchezo ndiyo kazi ya umri huu, na si wazo geni. Friedrich Froebel alipofungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa vitu vya kushika na kupanga. Kimojawapo kilikuwa mchemraba wa mbao unaogawanyika kuwa michemraba midogo 8. Mpe mtoto vibao hivyo nane umwangalie. Atavipanga mnara, utaanguka. Atavipanga safu mbili za vinne, halafu jozi nne za viwili, na atashangaa kuona ni vilevile. Kugawanya amekwisha kukugusa kwa vidole kabla hajaambiwa jina lake. Akija darasa la pili na mwalimu akaandika hesabu ubaoni, atakuwa na kitu cha kukumbuka.

Hata viti vya kimo cha mtoto vina historia yake. Tarehe 6 Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwenye majengo ya wafanyakazi ambao watoto wao walibaki bila uangalizi mchana kutwa wazazi wakiwa kazini. Alitengenezesha meza na viti vyepesi ambavyo mtoto angeweza kuvibeba mwenyewe, na makabati mafupi ili kila mmoja achukue kifaa chake na kukirudisha. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu hapo.

Kwa wanaotaka ushahidi wa muda mrefu, upo, na tunautoa kama ulivyo. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, kuanzia mwaka 1962 watafiti waliwafuatilia watoto 123 wa familia maskini. Kwa kura, 58 waliingizwa katika mpango wa elimu ya awali katika shule ya msingi ya Perry na 65 hawakuingizwa. Waliobahatika walisoma takribani saa mbili na nusu kila asubuhi, na mwalimu alimtembelea kila mtoto nyumbani mara moja kwa wiki akizungumza na mama yake. Mwanzoni alama zao za vipimo vya akili zilipanda sana, kisha katika miaka michache ya shule ya msingi tofauti hiyo ikafifia. Wapo waliosema mpango umeshindwa. Watafiti hawakuacha kuwafuatilia, na walipofika umri wa miaka 40 ilionekana kwamba asilimia 77 ya waliopitia mpango walikuwa wamemaliza sekondari, dhidi ya asilimia 60 ya wenzao. Waliowahi kukamatwa na polisi mara 5 au zaidi walikuwa asilimia 36 upande mmoja na asilimia 55 upande wa pili. Kilichodumu, kwa maoni yetu, ni tabia: kuvumilia kazi, kujizuia, kuamini kwamba shule ni mahali pako. Mtihani wa darasa la tatu haupimi hayo.

Lakini msisahau kwamba mwalimu wa Perry alikuwa na watoto takribani sita tu. Hatuwezi kufika huko, na hatuahidi. Tunachoweza ni kuacha kumwachia mwalimu mmoja chumba kizima. Ndiyo maana ndani ya kamati tulikubaliana kwamba fungu la mwalimu wa pili halitaguswa hata kama ukuta utachelewa. Jengo zuri lenye mwalimu aliyechoka halitawafaa watoto. Tungependelea kumalizia plasta mwaka ujao kuliko kuwa na vyumba vipya visivyo na mtu wa kupiga magoti na kuzungumza na mtoto uso kwa uso.

Uwanja wenye uzio nao usionekane kama anasa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anapaswa kujishughulisha kimwili angalau dakika 180 kwa siku, na ndani yake angalau dakika 60 ziwe za kukimbia, kuruka na kupanda kwa nguvu. Sasa hivi wadogo wetu wanagombea uwanja na vijana wa miaka kumi na miwili wanaocheza mpira. Mwishowe wanasimama pembeni, mgongo ukutani, wakingoja kengele.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wanaiona kwenye kitabu cha mahudhurio. Msichana wa darasa la tano au la sita anapokosa shule bila kuugua, mara nyingi yuko nyumbani anamlea mdogo wake kwa sababu mama ametoka kutafuta riziki. Mdogo huyo akipata nafasi katika lango lilelile, dada naye anarudi darasani. Wanakuja pamoja asubuhi wameshikana mikono. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka kitengo hiki kiwe ndani ya shule ya msingi badala ya mahali pengine. Tena mtoto atakapohamia darasa la kwanza atakuwa anaijua njia na anamjua mwalimu atakayempokea, na mwalimu naye ameshamsikia akiongea.

Mataifa yaliahidi mwaka 2015, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, kwamba ifikapo 2030 kila msichana na mvulana apate malezi na elimu bora ya awali. Mwaka 2019 UNICEF ilieleza kwamba watoto zaidi ya milioni 175, karibu nusu ya wote wenye umri wa elimu ya awali duniani, hawakuwa wameandikishwa, ikazitaka serikali zitenge angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu kwa ngazi hii. Tunaunga mkono madai hayo na tutaendelea kuyapeleka kwa wahusika. Ila mtoto aliye na miaka minne leo hatakuwa na miaka minne wakati majibu yatakapokuja.

Wazazi wameshawahi kufanya makubwa bila kungoja. Kule Villa Cella, kijiji kilicho karibu na mji wa Reggio Emilia nchini Italia, vita vilipokwisha mwaka 1945 wanakijiji walijikuta na kifaru, magari machache na farasi vilivyoachwa na jeshi la Ujerumani lililokuwa likikimbia. Wakaviuza. Fedha zile wakaamua zijenge shule ya watoto wadogo. Walikusanya matofali kutoka katika nyumba zilizobomolewa kwa mabomu na mchanga kutoka mtoni, wakajenga wenyewe jioni na siku za mapumziko. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo, akapanda baiskeli kwenda kujionea, na hakuachana nao tena. Shule za awali za Reggio Emilia ni miongoni mwa zinazotembelewa sana na walimu kutoka pande zote za dunia. Habari hii ilisomwa katika mkutano wetu wa wazazi, na baada yake baba mmoja mwashi alisimama akasema yeye hana fedha lakini mikono anayo. Tangu hapo mafundi wengine wamejiandikisha.

Kwa hiyo mnakaribishwa kutoa kwa namna mnayoiweza. Wapo watakaotoa fedha taslimu, nasi tutashukuru. Wapo watakaoleta saruji, mchanga, mawe, mbao, rangi au vitasa. Seremala anaweza kuchukua vipimo vya kiti kimoja akatengeneza vinne. Bibi au babu mwenye hadithi na subira anaweza kujitolea asubuhi moja kwa wiki kukaa na watoto mkekani na kuwasimulia. Huo ni mchango kamili na utaandikwa kwenye daftari kama michango mingine. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hakuna mtoto atakayenyimwa nafasi wala kuonyeshwa kidole kwa sababu mzazi wake hakuweza kuchanga.

Kuhusu usimamizi: fedha zote zitaingia katika akaunti ya shule iliyotengwa kwa ujenzi huu, na hakuna kitakachotoka bila saini za mwalimu mkuu, mweka hazina na mwakilishi wa wazazi. Kila mwisho wa mwezi hesabu za mapato na matumizi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio langoni, pamoja na nakala za risiti za vifaa vilivyonunuliwa. Mzazi yeyote ana haki ya kuomba kuona daftari, na asiombwe sababu. Kikibaki chochote baada ya ujenzi, kitaongezwa kwenye fungu la mwalimu.

Harambee yenyewe itafanyika katika uwanja wa shule siku ya kufunga muhula, baada ya watoto kuchukua ripoti zao. Watakaokuwa safarini wanaweza kutuma mchango au ahadi kwa mweka hazina kupitia ofisi ya shule kabla ya siku hiyo. Vifaa vinapokelewa siku zote za kazi, na kila anayeleta aandikishwe na apewe stakabadhi yake hapo hapo. Michoro ya madarasa, vyoo na uwanja imebandikwa ukutani ofisini. Njooni muitazame, na mkiona mlango umekaa vibaya au bomba limewekwa juu mno, andikeni maoni pembeni kwa penseli, maana fundi ataichukua michoro hiyo wiki ya mwisho ya muhula.

Kamati ya Ujenzi wa Madarasa ya Awali,
kwa niaba ya wazazi na walimu